Mzee kavunjika nyonga, mbona mnamshindisha na njaa?

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongee kuhusu wazee wanaosubiri oparesheni za mifupa. Kurasa za afya nyingi naziona zinaongelea vyuma, gharama, na daktari gani ni fundi wa magoti, ila suala la tumbo la mgonjwa halina mwenyewe. Mimi ni nesi wa wodi ya mifupa kwa muda mrefu sasa na nasema wazi, mzee anayefika thieta akiwa hajala wala kunywa tangu juzi ameshadhoofishwa kabla kisu hakijamgusa, na hakuna aliyepanga iwe hivyo, inatokea tu.

Ile amri ya "usile wala usinywe kuanzia saa sita usiku" kila mtu anaijua. Sababu yake ni ya kweli, asije mtu akasema nesi kaandika gazetini kwamba watu wale kabla ya oparesheni, sijasema hivyo. Dawa ya usingizi inalegeza ule mlango wa juu wa tumbo na inazima kikohozi, sasa kilichopo tumboni kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu, mtu akakabwa au akapata nimonia kali sana. Mwaka 1946 Dkt. Curtis Mendelson wa New York aliandika kuhusu akina mama waliojifungua pale hospitalini kwake, zaidi ya 44,000, na 66 kati yao matumbo yaliwafanyia hivyo wakiwa usingizini, wawili wakafa. Hao wawili walikabwa na chakula kigumu. Chakula kigumu, sio maji! Lakini miaka ilivyoenda amri ikawa moja kwa vyote, pilau na glasi ya maji zikawekwa kapu moja, na ikaanza saa sita usiku kwa kila mtu, wa kuingia thieta saa mbili asubuhi na wa kuingia saa kumi jioni wote sawa. Na kinachonishangaza zaidi ni kwamba Joseph Lister, yule yule wa kuua vijidudu kwenye vidonda, tangu mwaka 1883 alishaandika kwamba mgonjwa asiwe na kitu kigumu tumboni ila kikombe cha chai masaa mawili kabla hakina shida.

Maji hayakai tumboni. Kwa mtu wa kawaida nusu yake inakuwa imeshapita ndani ya dakika 20 hivi. Ndio maana chama cha madaktari wa usingizi wa Marekani tangu mwaka 1999 muongozo wao unasema vinywaji vyepesi visivyo na maziwa, yaani maji, chai ya rangi, juisi iliyochujwa, vinaruhusiwa mpaka masaa mawili kabla ya usingizi, mlo mwepesi masaa sita, na vyenye mafuta mengi au nyama masaa nane au zaidi. Wenzao wa Ulaya mwaka 2011 wakasema karibu hivyo hivyo, na mzee hajatengwa humo. Mwaka 2003 watafiti wa Cochrane, ule mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, walikusanya majaribio 22 ya watu wazima na hawakupata ushahidi kwamba kunywa karibu na muda wa oparesheni kunaongeza hatari, na hata waliopewa maji walikutwa na maji machache tumboni kuliko waliokaushwa. Kwa hiyo hii sio habari mpya wala sio mambo ya majaribio, ni kitu cha miaka mingi ambacho kwenye wodi nyingi kimebaki kwenye makaratasi.

Sasa kwa nini nang'ang'ania wazee? Kijana akifunga masaa kumi na sita atanuna tu basi. Mzee kiu yake yenyewe imepungua, hasemi hata akiwa amekauka, figo zake hazishiki maji kama zamani, na wengi wanakunywa vidonge vya presha vile vinavyokojoza. Unamkaushia usiku kucha na nusu siku, ukienda kumtafutia mshipa wa dripu huuoni, unamchoma huku na kule mpaka unaona aibu. Wakimpiga ile sindano ya ganzi ya mgongoni presha inaporomoka kwa sababu hana maji ya kutosha mwilini. Halafu kuna kuchanganyikiwa, hiki ndio watu wa nyumbani kinawatisha, mzee aliyeingia anaongea vizuri usiku anaanza kung'oa dripu na kuita watu waliokufa zamani. Sababu zake ni nyingi, maumivu, dawa, kukosa usingizi, lakini kukauka maji imo na ni mojawapo ya zile tunazoweza kuziondoa kwa glasi tu.

Na hapo tunaongelea siku ambayo mambo yameenda sawa. Nyonga iliyovunjika inatakiwa ifanyiwe mapema, miongozo ya Uingereza inasema siku ile ile aliyofika au kesho yake, lakini kwenye listi mzee huwa ndio wa kusogezwa. Inakuja dharura ya uzazi, anasogezwa. Inakuja ajali ya barabarani, anasogezwa tena, na sibishi kwamba wale wanakufa kabla yake. Ninachobisha ni kwamba ikifika saa kumi jioni ndio simu inapigwa wodini kwamba leo haiwezekani, jiko limeshafungwa, anapata kikombe cha uji akibahatika, halafu saa sita usiku kadi ya "asile wala asinywe" inaning'inizwa tena kitandani. Siku mbili hivyo, wakati mwingine tatu, huku mfupa uliovunjika unafanya mwili uchome akiba yake kwa kasi kuliko kawaida. Mwili ukikosa wanga wa akiba unaenda kwenye misuli, na misuli ya mzee ilikuwa michache tangu mwanzo. Ni sawa na kubomoa ukuta wa nyumba upate kuni za kupikia.

Dawa yake haihitaji mashine wala pesa. Listi ikipangwa, mtu mmoja wa thieta awe na kazi ya kupiga simu wodini kila inapobadilika, na ikifika mchana ikajulikana kwamba mzee fulani hafanyiwi leo basi alishwe saa hiyo hiyo, na sahani yake iwe imewekwa, asiambiwe chakula kimeisha. Maji ahesabiwe kwa saa yake yeye, sio ya wodi nzima. Uingereza kuna hospitali zimeenda mbali zaidi, mgonjwa anaruhusiwa kunywa kidogo kidogo mpaka anapoitwa thieta. Sisemi kila mahali waige kesho asubuhi, ila angalau hayo masaa mawili ambayo yameandikwa yafuatwe.

Wapo ambao lazima wafunge zaidi na hao daktari wa usingizi ndiye anayeamua, sio nesi wala mtoto wa mgonjwa. Mwenye kisukari cha muda mrefu tumbo lake linaweza kuwa zito kumwaga chakula, mwenye utumbo ulioziba, anayetapika, anayetumia zile sindano za wiki za kupunguza uzito na sukari, na hata huyu wa nyonga akiwa na maumivu makali na amepigwa mofini chakula kinachelewa kushuka. Sawa kabisa. Lakini hao waandikwe kwa majina na sababu, sio wodi nzima ifungishwe kwa ajili yao.

Watu huniuliza pia kuhusu vile vinywaji vya wanga vya kunywa kabla ya upasuaji, vya mililita 400 vyenye gramu 50 za wanga. Vinapunguza kiu na njaa kweli, mgonjwa anajisikia vizuri, ila miongozo ya oparesheni za kubadilisha nyonga na goti haivioni kama kitu cha lazima kwa kila mtu. Mi naona ni mapema kubishana kuhusu vinywaji vya kununua wakati maji ya bomba hatujayatoa.

Kwa wale ambao oparesheni yao imepangwa, wa magoti hasa, kuna jambo lingine linaniuma. Mama mnene anaambiwa punguza uzito ndio tukufanyie, basi anaenda kujinyima kila kitu, anakunywa chai na matunda wiki nane, anarudi kilo zimepungua kweli lakini na misuli ya paja imekwenda, na hiyo misuli ndio ya kumsimamisha siku ya kwanza baada ya goti jipya. Watu hawaamini kwamba mtu mnene anaweza kuwa na utapiamlo, anaweza na wapo wengi. Mzee anayejiandaa na upasuaji anatakiwa apate protini kama gramu 1.2 mpaka 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku (mwenye figo mbovu aulize kwanza), kwa hiyo mtu wa kilo 60 ni kama gramu 72 mpaka 90, na yai moja lina gramu 6 tu, piga hesabu mwenyewe uone kama mayai mawili ya asubuhi yanatosha. Maziwa, samaki, nyama, maharage, vyote viingie, na vigawanywe asubuhi mchana na jioni maana mzee hawezi kula sahani moja kubwa. Na kliniki wasisubiri kipimo cha albumini, ile protini ya kwenye damu, kiwaambie nani ana utapiamlo, hicho kinashuka hata kwa sababu ya uvimbe au maambukizi. Muulizeni tu nguo zimekulegea? Unamaliza chakula chako? Majibu hayo mawili yanasema mengi.

Baada ya oparesheni ndio kabisa, akishaamka vizuri na hatapiki anaweza kula siku ile ile, hakuna cha kusubiri tumbo lifunguke kama aliyepasuliwa utumbo. Kuna utafiti wa mwaka 2007 uliolaza kitandani siku 10 wazee wazima wasio na ugonjwa wowote, na walikuwa wanakula, wakapoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguuni. Sasa huyu wetu mgonjwa, hajala, meno yake ya bandia yamefungwa kwenye mfuko wa nailoni kabatini tangu alipoenda thieta na sahani imewekwa upande ambao mkono haufiki. Ndugu mkija kuona mgonjwa anzeni na hilo kabati.

Mhariri, kama mnaweza, mtafuteni daktari wa usingizi awaandikie wasomaji hayo masaa kwa kirefu, na wenye mgonjwa wajue wana haki ya kuuliza: anaingia saa ngapi, maji mwisho saa ngapi, na ikiahirishwa anakula saa ngapi.

Nesi wa wodi ya mifupa
(jina langu mnalo, naomba msilitoe)