Barua kwa mwanangu: mbao tano zisizotosha

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Mafinga hatujambo, isipokuwa baridi imetuwahi mwaka huu. Tangu uliponipigia simu juzi na kunieleza kwamba zile mbao tano ulizozipigia hesabu zimetoa shelfu 30 badala ya 32, na kwamba fundi wako wa hapo Keko, Dar es Salaam, alizitazama akanyamaza, sijapata utulivu. Angekugombeza ningelala. Fundi anayemnyamazia mtu aliye katika mwezi wa majaribio, huwa moyoni anapiga hesabu ya bei ya mninga. Huku kwetu paina ya shamba la miti la Sao Hill imezagaa, na ukiharibu mbao moja unavuta nyingine. Mninga hauna mchezo huo.

Nimeirudia kazi yako kwa penseli juu ya kipande cha boksi, na kinachoniudhi ni kwamba kugawanya kwenyewe hukukosea. Mbao ya futi 12 ni inchi 144, na shelfu moja ni inchi 22½. Ukiiandika 22½ kuwa 45/2, ukaipindua na kuzidisha, unapata 288/45, yaani 6⅖. Simu ilikuonyesha 6.4, nawe ukagawanya shelfu 32 kwa 6.4, ikatoka 5 kamili bila baki, ukaridhika. Ukamilifu huo ndio uliokuponza. Hiyo ⅖ ni ya nini, mwanangu? Si ya inchi, wala si ya futi. Ni sehemu mbili za tano za shelfu, na hakuna mteja atakayepokea shelfu iliyoungwaungwa kwa vipande vilivyobaki kwenye mbao tofauti. Kila mbao inatoa shelfu sita basi. Gawanya 32 kwa 6, upate tano na theluthi, kisha ununue sita, maana dukani hawakukatii theluthi ya mbao.

Uliniambia kwamba mabaki ya inchi 9 utayatumia kwa mbavu za droo zenye inchi 4½, mbili kwa kila kipande. Hapo napo umeusahau msumeno. Msumeno wenu, kwa maelezo yako, unakula ⅛ ya inchi kila unapopita, na ili kutoa shelfu sita umepita mara sita, kwa hiyo ¾ ya inchi imekwisha kuwa vumbi sakafuni. Kilichobaki ni inchi 8¼. Igawanye kwa 4½: 33/4 mara 2/9 ni 66/36, yaani 1⅚. Utapata ubavu mmoja wa droo, na hizo sehemu tano za sita ni za kuni. Narudia, hata kama utachoka kunisikia: kila sehemu inapotokea kwenye jibu lako, uliza ni sehemu ya kitu gani kabla hujashika msumeno.

Kwenye vanishi mambo ni tofauti kidogo. Kabati moja likinywa ⅜ ya lita, lita 5 zinatosha makabati 13⅓, na ile theluthi ya kabati ni ⅛ ya lita iliyobaki koponi, ambayo unaweza kuimimina kwenye kopo jipya nayo ikafaa kazi. Wala usishtuke kwamba umegawanya 5 ukapata namba kubwa kuliko 5. Ukigawanya kwa kitu kilicho chini ya kizima jibu lazima likue, na lisipokua ujue umezidisha.

Chuoni ulikuwa unaongoza kwa Hisabati, na hapa mtaani hakuna asiyejua, kwa kuwa nilihakikisha wanajua. Mama yako anasema kwamba katika karakana yangu ulipiga randa na msasa, lakini penseli na futi nilivishika mimi miaka yote. Sikumjibu. Ila hata yeye anashangaa kwamba mtu aliyepata alama zile anaweza kuamini simu kuliko mbao iliyo mbele yake.

Mdogo wako ameanza hesabu za sehemu shuleni na anakusubiri likizo umfundishe, nimemwambia asikusubiri. Bati la jikoni linavuja pale pale, nalo nitalibadilisha tukishauza mahindi, kwa hiyo usitume fedha mwezi huu. Badala yake mpelekee fundi gharama ya mbao moja, hata kwa kukatwa kidogo kidogo kwenye posho, na umwambie wewe mwenyewe kabla hajakuuliza. Mama yako anauliza kama chandarua kimefika.

Kabla ya Ijumaa nitumie jibu la hili: mbao ya futi 10, vipande vya inchi 17½, msumeno unakula ⅛. Nataka idadi ya vipande na inchi zitakazobaki. Ukiniandikia 6.857 nitakupigia usiku huo huo.

Ni mimi baba yako.