Barua kwa Mwanangu: Ishara ya Pili

Mwanangu mpendwa,

Uliniuliza kwa simu kwa nini kidonda cha mguuni kilikuletea mtoki kinenani, mahali ambapo hapakuwa na jeraha lolote. Nilikujibu harakaharaka, na tangu siku ile nimejiona nina deni kwako.

Mtoki ni tezi ya limfu iliyovimba kwa kazi. Seli za dendriti, walinzi wa kinga walio ngozini na tishuni, hubeba vipande vya vijidudu kutoka kidondani, husafiri navyo katika mishipa ya limfu hadi kwenye tezi, na huko huvionyesha kwa seli T, aina ya seli nyeupe za damu, ambazo huzunguka kati ya damu na tezi kila moja ikitafuta kipande inachoweza kukitambua. Lakini kutambua huko, ambako ndiko ishara ya kwanza, hakutoshi. Seli T hungoja ishara ya pili: protini yake iitwayo CD28 ishikane na CD80 au CD86 za seli ya dendriti, ambazo huongezeka sana pale dendriti inapokuwa imehisi hatari. Isipoipata, huzubaa, na baadaye huweza kushindwa kuitikia hata ikiitwa tena. Naona hekima kubwa hapo, kwa kuwa vipande vya miili yetu wenyewe navyo huonyeshwa vivyo hivyo.

Ikiipata, huzaana kwa wingi, na wengi wa uzao wake hubadili njia: hupunguza CCR7, kipokezi kinachowaelekeza kwenye tezi, na huongeza vingine vya kunatia kwenye kuta za mishipa ya damu karibu na kidonda, wakapenya hadi penye maambukizi.

Ndiyo maana nataka ujue yaliyotokea London mwezi Machi 2006. Wanaume sita wenye afya walipewa TGN1412, dawa ya majaribio: kingamwili iliyojishikiza kwenye CD28 na kuziamsha seli T bila kungoja ishara ya kwanza. Ndani ya dakika 90 walianza kuugua, limfosaiti (kundi la seli nyeupe lenye seli T) zikatoweka karibu zote katika damu yao, na viungo vya ndani vikaanza kushindwa. Wote walinusurika, ingawa mmoja alipoteza vidole vya miguu. Kima waliojaribiwa kabla yao hawakudhurika, na baadaye ikafahamika kwamba seli T zao za kumbukumbu, zile zilizo tayari kuingia tishuni na kupigana, hazina CD28, ilhali zetu wanadamu zinayo.

Mtoki wako ukiwa haujanywea wiki mbili baada ya kidonda kupona, nenda hospitali ukapimwe, kisha unipigie.

Mama yako