Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Aina za Data Zikae Wapi?

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama zimo kwenye taarifa ya mweka hazina, nami sina la kuongeza ila kumshukuru. Mafunzo ya wanachama wapya yameendelea na katibu ameshayaeleza. Nafasi yangu naitumia kwa jambo lililotugawa mwaka mzima: je, hati yenye alama za muundo ibebe ndani yake aina za data, itamke yenyewe kwamba hii ni tarehe, hii ni namba kamili, hili ni jibu la ndiyo au siyo? Au ibaki maandishi na alama, aina zitajwe kwingine?

Msimamo wa kamati, ambao nauunga mkono kwa moyo wote, ni kwamba maandishi ndiyo hati. Aina ni dai linalotolewa juu ya maandishi, na dai hilo likae kwenye skima, yaani faili la kanuni za muundo linalokaa nje ya hati.

Ugomvi huu tumeurithi. XML, lugha ya kuweka alama za muundo kwenye hati, ilipopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwezi Februari 1998, ilirithi DTD, namna ya zamani ya kuandika skima, kutoka SGML, lugha ya alama iliyoitangulia na iliyokuwa kiwango cha kimataifa tangu 1986. Sifa za elementi (elementi ni kipande cha hati kilichofungwa kwa alama, na sifa ni maelezo yaliyo ndani ya alama yake) zilikuwa na aina chache, kama ID, yaani utambulisho usiorudiwa, na NMTOKEN, yaani neno lisilo na nafasi, lakini hapakuwa na njia ya kusema kwamba maandishi yaliyomo ndani ya elementi lazima yawe tarehe au namba. Wenzetu wa hifadhidata waliona pengo hapo, na walikuwa na haki: ankara iliyoandikwa "kesho" mahali pa tarehe ya malipo ilipita ukaguzi bila kikwazo. XML Schema, lugha ya skima ya W3C ya mwaka 2001, ikaja na aina 19 za msingi, pamoja na nyingine nyingi zilizojengwa juu yake. Ikaleta pia sifa ya xsi:type, ambayo kwayo hati inaweza kujitangazia aina yenyewe. Hapo ndipo tulipoanza kuvutana.

Chukueni kipimo kilichoandikwa 1.50. Kwa aina ya desimali ya XML Schema, 1.50 na 1.5 ni thamani moja, hazina tofauti. Kwa aliyepima, tofauti ipo: sufuri ile ya mwisho inasema kipimo kilifika kwenye sehemu ya mia. Programu ikisoma thamani, kisha ikaiandika upya, sufuri inapotea na hakuna onyo linalotolewa. Ndivyo ilivyo pia kwa namba ya utambulisho 00417 iliyotangazwa kuwa namba kamili. Itarudi ikiwa 417, na mwenye kitambulisho hicho hapatikani tena kwenye orodha.

Baadhi yenu mmetukumbusha kwamba JSON, mwandiko wa kubadilishana data kati ya programu, ina aina ndani yake na dunia nzima inaitumia. Ni kweli, na ninaitumia kila siku. Lakini andikeni humo 9007199254740993 bila alama za kunukuu, kisha isomeni kwa lugha ya programu ya JavaScript: mtapata namba inayoishia na 2. Sababu ni kwamba namba za JavaScript huhifadhiwa kwa usahihi maradufu (biti 64), na juu ya mbili kwa kipeo cha 53 si kila namba kamili inaweza kushikwa. YAML 1.1, mwandiko mwingine wa data, nayo ilisoma NO, msimbo wa nchi ya Norwei, kuwa jibu la "siyo", mpaka toleo la 1.2 la mwaka 2009 likaliondoa hilo. Mfano unaoniuma zaidi ni wa wanasayansi wa jeni. Lahajedwali ziliona majina kama SEPT1 na MARCH1 zikayageuza tarehe, makosa yakaingia kwenye makala zilizochapishwa, na mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni za binadamu ikatangaza majina mapya, SEPTIN1 na MARCHF1. Wataalamu walibadilisha istilahi zao ili kuikwepa programu iliyokisia aina. Sitaki hati zetu zifikie hapo.

RELAX NG, lugha nyingine ya skima, kazi ya James Clark na Murata Makoto, ilionyesha njia nyingine mwaka uleule wa 2001. Yenyewe ina aina mbili tu za asili. Ukitaka nyingine unaziazima, hata zile za XML Schema. La maana zaidi kwangu ni kwamba ukaguzi wake haubadilishi hati. Inajibu imefaa au haikufaa, inaishia hapo. Wasomaji wawili wenye skima mbili wanaweza kuikagua hati moja, mmoja akitaka tarehe kamili na mwingine akiridhika na mwaka, na hati ikabaki ileile.

Hoja ya upande wa pili inastahili jibu la heshima, maana wanaoitoa wanashughulika na hati zinazosafiri mbali. Wanasema: skima hupotea. Baada ya miaka ishirini hati itakuwa peke yake, na msomaji atakutana na 03/04/2021 asijue kama ni tarehe 3 Aprili au 4 Machi. Nakubali shida hiyo ipo. Lakini xsi:type haiitatui. Hata ukitangaza kwamba ile ni tarehe, bado hujasema ni ipi, na aina ya tarehe ya XML Schema haikubali kabisa mwandiko huo. Anayejua ni mtu aliyeiandaa hati. Basi aandike anachokijua kando ya maandishi:

<tarehe thamani="2021-04-03">03/04/2021</tarehe>

Maandishi yamebaki kama yalivyokuwa, tafsiri iko wazi, na anayeipinga anaona cha kupinga. Vivyo hivyo kipimo na sarafu: visipotajwa ndani ya hati, hakuna skima itakayovikisia kwa usalama. Hivyo tunavitaka vitajwe.

Azimio litakalopigiwa kura leo linahusu miongozo ya chama peke yake. Linataka xsi:type isitumike kwenye violezo vyetu isipokuwa mpokeaji wa hati ameidai, na pale itakapotumika sababu iandikwe kwenye maelezo ya kiolezo. Violezo vya zamani haviguswi. Wanachama wenye hati ambazo kanuni hii itazivunja wazipeleke kwa katibu kabla ya rasimu ya mwisho, pamoja na skima zake, kwa sababu kamati imeshindwa kupata mifano ya kutosha kutoka kwenye kazi za fedha na za maabara.

Naomba kuwasilisha.