Msiwakataze wanafunzi kioo cha rangi ya chungwa

Mhariri,

Nasikia baadhi ya wanaofundisha shanga za kioo hapa Mombasa wakiwaonya wanafunzi wao wasiguse kioo cha rangi ya chungwa, kile kizito kisichopitisha mwanga. Eti ni kibovu: hupasuka, huchemka, hugeuka kahawia. Mimi hukitumia kila wiki, na naomba nafasi nikitetee.

Rangi ya kioo hiki hutokana na kadimiamu, salfa na seleniamu, na hubadilika kwa joto. Fimbo ya kioo tunayoiyeyusha kutengenezea shanga ikiingia motoni hukolea ikawa damu ya mzee, pengine ikakaribia weusi. Mwanafunzi akiona hivyo hushtuka, akaongeza moto akitarajia rangi irudi, na hapo ndipo kioo kinapochemka na kuungua kweli. Angeiacha shanga ipoe, uchungwa ungerudi wenyewe. Shanga ikiwa bado moto haijulikani rangi yake, na hilo lifundishwe siku ya kwanza.

Kupasuka nako kuna sababu. Kioo hiki hakipendi kushtuliwa. Ncha ya fimbo ipitishwe kwenye mwisho wa mwale wa moto, iingie na kutoka, hadi izoee. Kisha kazi yote ifanywe mbali na bana, yaani kichomeo cha gesi, ambako moto ni mpole. Oksijeni isipungue, maana mwale uliojaa gesi huifubaza rangi ikawa na ukungu wa kijivu. Halafu tanuri: kioo laini cha Murano, Italia, hutulizwa kwenye nyuzi 510 hivi za Selsiasi ili mkazo wa ndani uishe, kikapozwa polepole. Kufukia shanga kwenye majivu huchelewesha kupoa tu. Mkazo hubaki ndani, na mteja huona ufa baadaye.

Wateja wetu wanapenda chungwa na feruzi pamoja. Feruzi ina shaba, na shaba ikikutana na salfa huweza kuacha mstari mweusi pale rangi zinapogusana. Mimi naupenda mstari huo. Asiyeupenda atenganishe kwa rangi nyingine.

Shaba haikuwa adui wa chungwa zamani. Katika shanga ndogo za India zilizofika pwani yetu karne nyingi zilizopita, rangi hii ilitokana na shaba yenyewe. Ya leo ni ya kadimiamu, na hapa ndipo ninapotaka wakufunzi wawe wakali, kwa sababu kadimiamu husababisha saratani. Ndani ya shanga iliyokamilika imefungika. Hatari ni moshi wa kioo kinachochemka na vumbi la kusaga au kutoboa. Nimeona vijana wakisaga shanga kavu, uso wazi, vumbi jekundu limewajaa puani. Kioo hiki kisagwe kikiwa majini, na barakoa ivaliwe, ile ya kuzuia vumbi laini, kitambaa hakisaidii.

Kusi ikivuma mambo huwa mabaya zaidi. Upepo hupinda mwale na kupasua shanga, basi madirisha yote hufungwa na watu hupumua walichokichoma. Mwale ukingwe kwa ubao pembeni, na feni ya kutoa hewa iwekwe mbele ya fundi ili moshi uende nje bila kumpitia usoni. Feni hiyo inunuliwe kabla ya fimbo za kwanza.

Na wanaotuuzia vioo, tafadhali, zile zenye kadimiamu ziandikeni hivyo kwenye kila fungu.

Mtengeneza shanga,
Kibokoni, Mombasa