Barua ya Kufunga Muhula: Kumfundisha Mtoto Kutambua Mada Kuu

Kwa wazazi na walezi wa wanafunzi wa darasa la kwanza na la pili,

Salaam. Tunapofunga muhula, napenda kuwaeleza jambo ambalo walimu wa madarasa ya chini wamelishughulikia kuliko mengine katika somo la kusoma, nalo ni kumwezesha mtoto kutambua mada kuu ya kifungu chenye habari za kweli, yaani kile kinachoeleza wanyama, mimea, mashine au hali ya hewa, wala si hadithi ya kubuni.

Wapo watoto wanaosoma vifungu hivyo bila kukwama, lakini wakiulizwa vinahusu nini, hutaja lile lililowasisimua. Tulisoma kifungu kilichoeleza kwamba pweza ana mikono 8, mioyo 3 na damu ya buluu, na kwamba hubadili rangi ya ngozi na kumwaga wino anapotishwa na adui. Majibu ya kwanza yalikuwa "wino" na "mioyo". Huo si uvivu, kwani mtoto amesoma na amekumbuka, ila hajapima. Mwalimu hakuwasahihisha, bali aliwataka wapitie sentensi moja baada ya nyingine wakijiuliza kama inazungumzia wino. Ilipodhihirika kuwa wino umetajwa mara moja tu, ilhali pweza anazungumziwa tangu mwanzo hadi mwisho, walibadili jibu wenyewe. Wengine hukosea kwa upande wa pili, wakajibu "wanyama" au "bahari". Hao huulizwa ni mnyama gani hasa anayeelezwa.

Picha na vichwa vidogo husaidia, lakini si vya kutegemewa peke yake, kwa kuwa kichwa kama "Bingwa wa Kujificha" huvutia msomaji bila kutaja mada. Ndiyo maana mara nyingine tunakifunika, mtoto akatunga chake. Kwa maoni yangu, zoezi hili hufunua uelewa wake kuliko maswali mengi ya ufahamu.

Wazo kuu, yaani jambo linalosemwa kuhusu mada, ambalo huhitaji sentensi nzima, kwa mfano "pweza ana njia kadhaa za kujikinga", watalifikia katika madarasa ya juu, tafadhali msiwaharakishe.

Wakati wa likizo, naomba msome na watoto vifungu vifupi vilivyoambatishwa na ripoti, na asiyeweza kusoma peke yake asomewe. Badala ya kuuliza "Umeelewa?", swali ambalo watoto wengi hulijibu "ndiyo" papo hapo, muulizeni mtoto habari inahusu nani au nini, kisha aonyeshe kwa kidole sentensi zilizomfanya ajibu hivyo. Akitaja jambo dogo, msimpe jibu, bali mrudisheni kwenye kifungu. Mwisho, atungie kifungu kichwa chake; vichwa hivyo viandikwe katika daftari lake la kusoma, na daftari hilo likabidhiwe kwa mwalimu wa darasa siku ya kufungua shule.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu