Chapisheni joto la oili na la ekzosi, si farasi peke yake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumzie jambo ambalo kurasa za magari hulipita mbio. Gari la michezo lililoongezwa nguvu likiandikwa, msomaji huambiwa farasi wangapi wameongezeka, turbo iliyofungwa (feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) ni ya ukubwa gani na bomba la ekzosi lina kipenyo gani. Haambiwi oili ilifika nyuzi ngapi baada ya dakika 15 za kukanyagwa, wala moshi ulikuwa na joto gani kabla ya kuingia kwenye turbo. Injini nyingi zilizoongezwa nguvu hunoki, yaani hufa, kwa sababu ya namba hizo mbili, na kwa kawaida mwenye gari hakuwa na geji hata moja ya kuzionyesha. Sisi ni mafundi wa injini za aina hii, na tunaomba namba hizo zichapishwe pamoja na farasi.

Wengi hushughulikia oili kivyake na ekzosi kivyake. Fundi mmoja anafunga rejeta ya kupoza oili, mwingine anazungushia bomba tepu ya kukinga joto, na hakuna anayeuliza joto linatoka wapi na linaishia wapi. Kwenye injini ya turbo mambo haya mawili ni jambo moja. Shafti ya turbo ina moshi wa nyuzi 900 upande mmoja na hewa inayosukumwa upande wa pili, na katikati yake inabebwa na utando wa oili wenye unene wa sehemu za mia za milimita, huku ikizunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hapo ndipo joto la ekzosi linapoingia kwenye oili. Kwenye injini za Subaru, ambazo silinda zake zimelala, kuna njia nyingine tena: mabomba ya ekzosi yanapita chini ya injini, karibu na sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini), hivyo sampu inachomwa kutoka nje hata kabla turbo haijatoa mchango wake.

Tuanze na kupima. Sensa ya joto la oili ikae kwenye sampu, mahali oili inapokusanyika baada ya kutoka kwenye beringi na turbo. Ukiiweka baada ya rejeta ya oili, geji itakuonyesha oili iliyokwisha kupoa na utajiona uko salama wakati haupo. Sensa ya presha isifungwe moja kwa moja kwenye bloku kwa kiungo kirefu cha shaba, maana mtetemo hukikata. Ipelekwe kwa hozi fupi hadi mahali penye utulivu. Oili yenye afya hukaa kati ya nyuzi 90 na 110. Chini ya 80 usiikanyage injini. Mara kwa mara oili inapaswa kufika 100 ili maji na petroli vilivyoingia humo viondoke kwa mvuke. Kwenye uwanja wa mbio 120 inavumilika kwa oili nzuri ya sinthetiki, 130 ni wakati wa kupunguza mwendo, na 140 ni wakati wa kutoka uwanjani. Kwa kanuni ya jumla, kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya joto la kawaida huzidisha maradufu kasi ya oili kuungana na oksijeni na kuharibika. Saa moja kwenye 130 si sawa na saa moja kwenye 100, hata kama kijiti cha kupimia kinaonyesha oili ya rangi ileile.

Kwa presha, kanuni ya kale ya takriban baa 0.7 kwa kila mizunguko 1,000 bado inafaa kuanzia, oili ikiwa na moto wake wa kawaida. Ichunguze presha jinsi inavyoshuka. Ikipungua taratibu kadiri joto linavyopanda, oili inakuwa nyepesi. Ikianguka ghafla kwenye kona ndefu kisha ikarudi, oili imekimbilia upande mmoja wa sampu na pampu imevuta hewa. Hilo halitibiwi na rejeta wala oili nzito. Linatibiwa na vizuizi ndani ya sampu, na kwa kuhakikisha usawa wa oili uko kwenye alama ya juu. Kuijaza kupita alama hiyo ovyo ni kosa jingine: kranki, shafti kuu ya injini, inaipiga oili, inaingiza hewa ndani yake na kuipandisha joto, na povu halibebi beringi.

Injini ikipata moto, watu hukimbilia oili nzito ya 20W-50. Tunaelewa kwa nini, lakini mara nyingi ni dawa isiyolingana na ugonjwa. Oili nzito inachelewa kufika juu injini ikiwa baridi, na msuguano wake ndani ya beringi zenyewe huzalisha joto zaidi. Namba ya kuangalia ni uzito wa oili, yaani ukinzani wake wa kutiririka, unaopimwa kwenye nyuzi 150 chini ya mkazo, ambao kwenye karatasi za watengenezaji huandikwa HTHS. Daraja la 30 (kama 5W-30) linatakiwa kuwa na angalau 2.9. Oili yenye kiwango cha A3/B4 cha ACEA, chama cha watengenezaji magari wa Ulaya, inatakiwa kufika 3.5 au zaidi. Kwa injini iliyotoka kiwandani na 5W-30 na sasa imeongezwa presha ya turbo, kuhamia 5W-40 yenye 3.5 au zaidi ndiyo hatua tunayoipendekeza kwanza. Injini zinazonyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda zinahitaji uangalifu wa ziada, kwa sababu petroli hupenya hadi kwenye sampu na kuifanya oili iwe nyepesi. Kijiti kikionyesha oili inaongezeka, usifurahi. Inuse, na ikinuka petroli imwage. Gari linalokanyagwa sana libadilishwe oili isizidi kilomita 5,000, na mapema zaidi kama limeshavuka nyuzi 130.

Rejeta ya oili haina siri kubwa. Makosa yako kwenye ufungaji. Sahani inayokaa kati ya bloku na filta, ile inayoichepusha oili, iwe na termostati inayofunguka karibu na nyuzi 80 hadi 85. Bila termostati, gari la safari fupi litatembea na oili baridi siku zote, na chini ya kifuniko cha kujazia utaona utando wa rangi ya maziwa. Kabla ya kufunga sahani, pitisha kidole kwenye bloku uhakikishe gasketi ya filta ya zamani haikubaki imeganda pale. Gasketi mbili zikipandana zitatemwa na presha, na sampu nzima inamwagika kabla dereva hajajua kinachoendelea. Kagua pia uzi wa bolti: M20 na robo tatu ya inchi zinakaribiana kiasi cha kudanganya mkono, na ukilazimisha unaharibu kichwa cha filta. Hozi ziwe na nafasi ya ndani ya kama milimita 14, zisipite jirani na manifoldi (mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye silinda) bila soksi ya kukinga joto, na rejeta ikae kwenye mipira ili mtetemo usipasue maungio. Midomo ya rejeta iangalie juu au pembeni. Ikiangalia chini, hewa hunaswa sehemu ya juu na nusu ya rejeta haifanyi kazi.

Hewa inayoingia kwenye rejeta lazima iwe na mahali pa kutokea. Rejeta iliyofichwa nyuma ya bampa bila njia ya kutokea ni uzito wa bure. Ukiiweka mbele ya rejeta ya maji, joto la maji litapanda, kwa hiyo pima yote mawili baada ya kazi. Kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza, chomoa umeme wa pampu ya petroli na wa koili, zungusha injini kwa stata kwa sekunde 10 kisha pumzisha, rudia mpaka presha ionekane kwenye geji. Ndipo uwashe. Zima, subiri dakika chache, pima oili upya, maana rejeta na hozi humeza nusu lita hadi lita nzima.

Na jambo moja tunalolisisitiza kwa nguvu: injini ikishanoki beringi, rejeta ya oili itupwe. Vipande vya chuma hujificha kwenye mikunjo yake, havitoki kwa kuoshwa, na injini mpya itavinywa siku ya kwanza.

Turbo inataka oili ya kutosha kuingia na njia pana ya kutoka. Turbo za beringi za gololi huhitaji kizuizi chenye tundu la karibu milimita 1 kwenye bomba la kuingizia. Zile za bushi huhitaji oili nyingi zaidi, na kizuizi hicho kitaziua. Bomba la kurudisha oili liwe na milimita 16 au zaidi kwa ndani, literemke bila kupanda wala kujikunja, na liingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Ndani ya turbo hakuna presha tena, oili inaanguka kwa uzito wake tu. Bomba likibanwa, oili hurudi nyuma kupitia sili na gari linatoa moshi wa bluu. Watu hununua turbo nyingine, na hiyo nayo inavuta moshi uleule. Usipake silikoni kwenye gasketi za oili za turbo, kwa sababu kipande chake kikikatika kinaziba tundu. Baadhi ya injini za Subaru za turbo zina wavu mdogo ndani ya bolti ya bomba la oili. Wavu huo ukiziba, turbo hufa kwa kiu huku geji ya presha ikionyesha kila kitu ni sawa. Ukaguliwe kila unapopata nafasi.

Sasa ekzosi. Joto lake huanzia kwenye silinda, kwa hiyo tepu na blanketi ni hatua ya mwisho. Cheche ikichelewa, petroli inamaliza kuungua wakati vali ya kutolea imeshafunguka, na moto unahamia kwenye manifoldi. Mchanganyiko ukikosa petroli ya kutosha chini ya presha ya turbo, joto linapanda vilevile. Injini nyingi za petroli za turbo hukaa kati ya sehemu 11.5 na 12 za hewa kwa 1 ya petroli zikikanyagwa mpaka mwisho. Kipimo cha joto la moshi, cha aina ya K (nyaya za metali mbili zinazohisi joto), kikae kabla ya turbo. Baada ya turbo namba huwa chini sana na inatoa matumaini ya uongo. Kimoja pale mabomba yanapokutana kinatosha kwa kuanzia, lakini kitaficha silinda moja inayoungua peke yake kwa sababu ya nozeli iliyoziba. Sisi huweka mpaka wa nyuzi 900 kwa mfululizo na 950 kwa muda mfupi. Kama upande wa moto wa turbo ni wa chuma cha kusubu cha kawaida, mpaka ushuke chini ya hapo.

Kwa nini nyuzi hizo ni muhimu kwa kila kilicho jirani? Joto linalomulikwa na chuma huongezeka kwa kipeo cha nne cha joto lake linalohesabiwa kuanzia sifuri halisi, yaani nyuzi 273 chini ya sifuri. Manifoldi ya nyuzi 900 humulika zaidi ya mara tatu ya ile ya nyuzi 600. Ndiyo sababu waya uliokaa salama miaka mingi huyeyuka wiki moja baada ya kuongeza presha. Kinga tunayoiamini zaidi ni bati linalong'aa lenye nafasi ya hewa ya milimita 10 hadi 25 kutoka kwenye bomba, pamoja na rangi ya seramiki iliyopigwa kitaalamu kabla ya bomba kufungwa. Blanketi la turbo lifunike upande wa moto tu. Katikati na upande wa hewa viachwe wazi.

Tepu ina faida na ina madhara. Anza kuizungusha upande wa nyuma ukielekea injini, kila mzunguko upande juu ya uliotangulia kwa robo ya upana, ili kingo zisielekee upepo na maji. Funga kwa vibanio vya chuma kisichoshika kutu. Lakini bomba la chuma cha kawaida likifungwa tepu hushika unyevu na kuoza, na manifoldi nyembamba iliyozuiwa kutoa joto hupasuka kwenye maungio huku ufa umefichwa. Usizungushie tepu kwenye injini inayovuja hata tone. Oili ikilowesha tepu, tepu inakuwa utambi. Tengeneza gasketi ya kifuniko cha vali kwanza, endesha gari wiki mbili, kagua kwa tochi, kisha ndipo ufunge.

Kagua pia paipu ya breki iliyo karibu na bomba. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini yakishanyonya unyevu kiwango cha chini kinachokubalika ni 155, na yakichemka pedali inazama mpaka chini. Kwa kuzima injini, endesha kilomita mbili au tatu za mwisho bila kuikanyaga. Hiyo ni bora kuliko kusimama na kuunguruma dakika tano bila upepo.

Ombi letu kwako, Ndugu Mhariri, ni mistari minne chini ya kila habari ya gari lililoongezwa nguvu: joto la juu kabisa la oili na mahali sensa ilipokaa, presha ya oili kwenye mizunguko ya juu oili ikiwa moto, joto la moshi kabla ya turbo, na joto la hewa ya siku hiyo pamoja na muda gari lilivyokanyagwa. Mwenye gari akijibu kwamba hana geji hizo, mwandishi aandike hivyo hivyo.

Wenu,
Mafundi wa injini za turbo