Enaji seva zina zebaki, tusizitupe ovyo

Mhariri, naomba nafasi niongelee hizi globu za enaji seva mlizozisifia gazetini kwamba zinapunguza matumizi ya umeme. Kweli zinapunguza, ya wati 20 inatoa mwanga karibu sawa na ile ya zamani ya wati 100 na yuniti za LUKU zinakaa, hapo sibishi. Ila zile za mirija iliyojisokota zina zebaki ndani, ni miligramu chache tu lakini ni sumu, na huku kwetu Nkuhungu ikishaungua inaenda jalalani pamoja na maganda ya ndizi, watoto wanaiokota wanaipasua wasikie inavyolia. Halafu umeme ukichezacheza hazidumu, sebuleni kwangu mwaka huu nishabadilisha tatu, sasa hiyo nafuu iko wapi?

Naomba jiji liweke maboksi ya kukusanyia globu zilizoungua, hata pale soko la Majengo tu kwa kuanzia, na wauza vifaa vya umeme wamwambie mteja ikipasuka afungue madirisha, watu watoke nje kama dakika 10, vipande aviokote kwa karatasi ngumu asifagie na ufagio. Na anayenunua mpya leo bora achukue LED, zile hazina zebaki.

Mkazi wa Nkuhungu, Dodoma